Nembo iliyopotea kati ya meza ya uhariri na dikoda: kisa cha kampuni moja ya Kampala

Kampuni ya utayarishaji wa vipindi yenye ofisi Ntinda, Kampala, iliiuzia stesheni moja ya mjini humo tamthilia ya sehemu 13, ya Kiswahili kinachoingiliwa na Kiganda hapa na pale. Kila sehemu ilibeba nembo ya kampuni mara mbili: ndogo kwenye kona ya juu kulia kipindi kizima, na kubwa ya sekunde 8 mwishoni, baada ya majina ya waigizaji na mafundi. Nembo yenyewe ni ngoma ya Kiganda inayozunguka polepole, kamba zake za ngozi zimechorwa moja moja, na chini yake jina la kampuni kwa herufi nyekundu zilizoachanishwa sana. Vyote vimekaa juu ya weusi mtupu.

Kwenye kompyuta ya mhariri ilipendeza. Ilipofika hewani, sehemu tatu za kwanza zikaleta malalamiko yasiyofanana. Waliotazama kwa TV za zamani walisema jina limekosa herufi mbili. Wenye skrini bapa waliona ngoma ikimetameta na herufi zikiwa na ukungu. Kwenye kona ya juu kulia nembo mbili, ya kampuni na ya stesheni, zilikuwa zimekaliana. Baadhi hawakuiona kabisa nembo ya mwisho, na hata walioiona hawakusikia mdundo wowote. Mwenye kampuni akahitimisha kwamba mchoro ni mbaya, akaanza kutafuta mchoraji mwingine.

Hapo ndipo tunapompinga. Katika hitilafu zote hizo, mbili tu zilitokana na mchoro, na zote mbili hurekebishwa bila kubadili nembo. Nyingine zilizaliwa njiani, kati ya faili ya mchoraji na kioo cha mtazamaji. Mchoraji mpya angelipwa, nembo mpya ingepita njia ile ile, na malalamiko yangerudi yale yale.

Njia ambayo faili ilipita

Kamera zilirekodi fremu 25 kwa sekunde, ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080. Stesheni ilidai faili ya video ya MXF, aina ya XDCAM HD422, megabiti 50 kwa sekunde, katika mfumo wa 1080i. Herufi hiyo "i" ina uzito wake: maana yake kila fremu inagawanywa vipande viwili, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, na skrini inapokea vipande 50 kwa sekunde. Kutoka chumba cha urushaji, picha ilishushwa hadi 720 kwa 576, ikabanwa upya kwa H.264 (njia ya kubana video), ikasafiri kwa DVB-T2 (matangazo ya kidijitali ya antena) mpaka kwenye dikoda ya nyumbani, na mara nyingi ikaingia kwenye TV kwa waya wa njano wa RCA badala ya HDMI.

Sura ya mwigizaji huvumilia safari hiyo, kwa sababu ngozi, nywele na nguo zina kingo laini na jicho halidai kila pikseli. Nembo haina uvumilivu huo. Ni mistari mikali, maandishi na rangi moja moja, yaani kila kitu ambacho kubanwa na kupunguzwa huharibu kwanza. Ndiyo maana kipindi kinaweza kupita ukaguzi wa stesheni bila dosari huku sekunde zake za mwisho zikiwa aibu.

Pete za ngoma

Juu ya ngoma, pale ngozi ilipowambwa, mchoraji aliweka pete tatu nyembamba za unene wa pikseli 2. Ngoma ikizunguka, pete huonekana kama mistari iliyolala. Sasa pigia hesabu. Kushuka kutoka mistari 1080 hadi 576 ni kugawanya kwa 1.875, hivyo pikseli 2 zinabaki kama mstari 1. Mstari mmoja unakaa ama kwenye kipande cha witiri ama cha shufwa, hauwezi kukaa kwenye vyote viwili. Kwa hiyo unawaka, unazimika, unawaka, mara 25 kwa sekunde, na jicho linaona pete inatetemeka. Kompyuta ya mhariri haikuonyesha hilo kwa sababu skrini ya kompyuta huchora fremu nzima kwa pamoja.

Kwa upande wa mlalo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kutoka 1920 hadi 720 ni kugawanya kwa karibu 2.67, hivyo kamba ya ngozi ya pikseli 2 inabaki robo tatu ya pikseli: si mstari tena, ni kivuli cha mstari.

Dawa ni unene. Mstari wowote uliolala kwenye nembo ya 1920 kwa 1080 usipungue pikseli 4, na 6 ni bora, kwa kuwa 6 hubaki zaidi kidogo ya mistari 3 baada ya kushushwa. Kamba za ngoma zilipunguzwa kutoka 24 hadi 10 na kunenepeshwa hadi pikseli 6. Mchoraji aliogopa kwamba ngoma itapoteza uhalisia, lakini kwa umbali wa mita 3 mtazamaji hakuwa akiona kamba 24 hata siku moja. Alikuwa akiona vurugu ya kijivu. Pete zikabaki mbili, na zikapewa ukungu mdogo wa wima usiozidi pikseli 1, ambao hautambuliki kwa macho ila hutuliza mtetemo kabisa.

Kulikuwa na mtetemo mwingine uliochanganywa na huo. Mzunguko wa ngoma ulikuwa ukishtuka, na hilo halikuhusu unene. Programu ya kuchora ilifunguliwa kwa mpangilio wake wa kawaida wa fremu 30 kwa sekunde, wakati kipindi ni cha 25. Mhariri alipoiweka kwenye mstari wa kazi (timeline), programu ya uhariri ilitupa fremu moja katika kila sita, yaani mishtuko mitano kila sekunde. Hapa hakuna la kupunguza wala la kulainisha. Unarudi kwenye mradi wa mchoraji, unabadili kuwa 25, unatoa faili upya. Afrika Mashariki kote tunarusha kwa familia ya 25 na 50. Mchoraji anayefanyia kazi mitandao ya kijamii hana sababu ya kulijua hilo, hivyo ni jukumu la kampuni kumwandikia kwenye oda.

Nyekundu juu ya nyeusi

Hii ni hitilafu ya pili ya mchoro. Video ya kurushwa huhifadhi mwanga na rangi kando kando, na rangi hupewa nusu tu ya pikseli kwa upana na nusu kwa urefu. Kwenye picha ya 720 kwa 576, rangi ina nafasi 360 kwa 288. Herufi nyeupe hazijali, kwa sababu umbo lao limebebwa na mwanga. Nyekundu safi ina takriban asilimia 21 tu ya mwanga wa nyeupe, hivyo umbo la herufi limebebwa karibu lote na rangi, sehemu ile iliyopunguzwa. Matokeo ni herufi zenye ukungu, kingo zimemwagika nje.

Kuna tone jingine juu ya hapo. Rangi za HD (picha ya 1080) hukokotolewa kwa kanuni ya BT.709 na za SD (picha ya 576) kwa BT.601. Kifaa kikishusha ukubwa bila kubadili kanuni, nyekundu safi hushuka hadi kama asilimia 91 ya nguvu yake. Kampuni haiwezi kurekebisha vifaa vya stesheni. Inachoweza ni kutotegemea nyekundu. Herufi zikageuzwa kuwa rangi ya maziwa, nyekundu ikahamia kwenye mwili wa ngoma ambapo eneo ni pana na hakuna umbo dogo la kupotea. Nembo ikabaki ile ile kwa kila anayeifahamu.

Jina lililoliwa pembeni

Jina lilitanda pikseli 1560, likianzia pikseli ya 180 kutoka ukingo wa kushoto. Dikoda nyingi zikiunganishwa na TV ya zamani ya 4:3 zina chaguo mbili: kuweka mikanda myeusi juu na chini, au kukata pande. Wengi huchagua kukata, kwa sababu mikanda myeusi inaudhi. Kukata huondoa pikseli 240 kila upande, na 60 za mwanzo na za mwisho wa jina zikaenda nazo. Herufi ya kwanza na ya mwisho, kama watazamaji walivyosema.

Mwongozo wa R95 wa umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, unaofuatwa na stesheni nyingi nje ya Ulaya pia, unataka maandishi yakae mbali na kila ukingo kwa angalau asilimia 5: pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Kwa Uganda hilo halitoshi kwa nembo ya mwisho. TV za kioo kizito bado ziko majumbani, na ziko kwenye vibanda vya video. Nembo ya mwisho ipangwe kwa kuchukulia kwamba pande zitakatwa: 240, ongeza asilimia 5 ya upana uliobaki, ambayo ni 72, unapata 312. Kila kitu kikae kati ya pikseli ya 312 na ya 1608, upana wa 1296. Jina halikuhitaji kupunguzwa ukubwa wa herufi. Ilitosha kupunguza nafasi zilizoachwa kati yao.

Kona ya juu kulia

Faili ya nembo ya kona ilitolewa kama video ya ProRes 4444 yenye chaneli ya alfa, ile inayobeba uwazi wa kila pikseli. Kuna namna mbili za kuandika faili ya aina hiyo. Moja inaacha rangi kama ilivyo na kuweka uwazi kando. Nyingine inazidisha rangi kwa uwazi kabisa kabla ya kuhifadhi. Mchoraji alitumia ya pili, programu ya mhariri ikasoma kama ya kwanza, na ikazidisha tena.

Chukua pikseli moja ya ukingoni, nyeupe kamili (255), yenye uwazi wa nusu, juu ya anga jeupe la mchana. Inapaswa kutoweka: nusu ya 255 ya nembo na nusu ya 255 ya anga ni 255. Ikizidishwa mara mbili, nembo inachangia 64 badala ya 128, jumla inakuwa 192. Ukingo mzima wa nembo unapata mstari wa kijivu, kama picha iliyokatwa gazetini kwa mkasi butu. Juu ya mandhari meusi hauonekani, ndiyo maana mhariri aliyejaribu nembo kwenye tukio la usiku hakugundua. Marekebisho ni kubofya mara moja kwenye sifa za klipu na kuchagua aina sahihi ya alfa. Jaribu kila nembo yenye uwazi juu ya nyeupe, juu ya nyeusi, na juu ya picha ya mchana yenye majani mengi.

Lakini swali kubwa zaidi ni kwa nini nembo ya kona iliwekwa. Kona ya skrini ni ya stesheni. Nembo yake hubandikwa na mashine wakati wa kurusha, pamoja na saa, mstari wa habari chini na tangazo la mdhamini, na mtayarishaji hana uwezo wa kuvisogeza. Mwenye kampuni alikuwa na hoja yake, na ni hoja ya haki: tamthilia za Uganda hunakiliwa siku ile ile zinaporushwa, zikauzwa kwenye flashi na kupandishwa mtandaoni bila jina la mwenyewe. Hofu hiyo haitibiwi na nembo ya kona. Anayeiba hukuza picha kidogo, kona inatoka nje ya fremu, kazi imekwisha. Kinachofaa zaidi ni jina la kampuni kuandikwa juu ya picha za mwanzo wa hadithi, katikati ya tukio, kwa sekunde 3: "Kampuni fulani inawasilisha". Kulitoa hapo kunahitaji kukata hadithi yenyewe.

Uamuzi wetu hapa hauna masharti. Faili ya stesheni iwe safi, bila nembo ya kona. Nakala ya mtandaoni ya kampuni yenyewe ndiyo iwe nayo.

Sekunde 8 ambazo baadhi hawakuziona

Nembo ya mwisho ilianza na weusi, ikajitokeza polepole kwa sekunde 2, ngoma ikazunguka kwa sekunde 4, jina likaja kwenye sekunde ya 6. Faili ikaishia papo hapo nembo ilipoishia. Chumba cha urushaji kinaendeshwa na orodha yenye muda wa kuingia na kutoka kwa kila kipindi. Mtu anayeweka alama ya kutoka anaona majina yamekwisha, skrini imekuwa nyeusi, anadhani kipindi kimekwisha. Anaweka alama hapo. Hakukosea kwa nia mbaya: sekunde 2 za weusi baada ya majina ni ishara ya mwisho kwa kila mtu wa kazi hiyo.

Nembo za zamani za Marekani zilijua kuwahi. Ile ya Mark VII Limited, kampuni ya mwigizaji na mtayarishaji Jack Webb, ni mikono, nyundo, pigo, na namba VII imegongwa kwenye chuma. Ile ya MTM Enterprises, iliyoanzishwa 1969, ni paka mdogo anayetoa mlio mmoja mahali ambapo watu walizoea ngurumo ya simba wa MGM. Zote ni sekunde chache, na tendo na mlio ni kitu kimoja.

Toleo jipya la ngoma lina urefu wa sekunde 4. Hakuna weusi kabla yake: picha ya mwisho ya majina inakatwa moja kwa moja kuingia kwenye ngoma iliyokwisha kuwaka. Mkono unapiga kwenye fremu ya 10, jina linatokea na pigo hilo hilo, na kila kitu kinasimama tuli mpaka sekunde ya 4. Kutulia huko kuna faida ya pili, kwa kuwa picha isiyosogea hubanwa kwa unafuu na maandishi yanapata muda wa kusafika. Baada ya nembo faili inaendelea na sekunde 2 za weusi na ukimya, ili alama ya kutoka ikiwekwa mapema kidogo ikate weusi.

Weusi wenyewe ulikuwa na kasoro. Nyeusi ya video ya kurushwa ni 16 na nyeupe ni 235. Nembo ilikuwa imekwisha kupangwa hivyo, kisha programu ya uhariri ikadhani ni faili ya kompyuta ya 0 mpaka 255 na kuibana tena. Nyeusi ikawa 30, nyeupe 218. Baada ya majina yenye weusi wa kweli, nembo ikaja ndani ya kisanduku cha kijivu. Kipimo cha mwanga (waveform) kwenye programu ya uhariri huonyesha hilo mara moja.

Ngoma isiyosikika

Mdundo uliotumika ulikuwa mzito, nguvu yake ikiwa chini ya hezi 80. Spika ndogo za TV nyingi hazitoi cha maana chini ya hezi 150 hivi. Kwenye vipaza vya studio ofisi ilitikisika, sebuleni pakawa kimya. Iliongezwa sauti ya kiganja kikipiga ukingoni mwa ngozi, kati ya hezi 1000 na 3000, na mdundo mzito ukabaki chini yake kwa wenye spika kubwa. Mwangwi uliotanuliwa kushoto na kulia kwa kugeuza mawimbi uliondolewa, kwa sababu TV ya spika moja ikijumlisha pande mbili, sauti ya namna hiyo inajifuta yenyewe. Kiwango cha kipindi kizima kilipangwa kwenye −23 LUFS (kipimo cha sauti ya wastani) na kilele kisichozidi −1 dBTP (kipimo cha kilele chenyewe), kama mwongozo wa R128 wa EBU unavyotaka. Pigo likizidi hapo, kifaa cha kudhibiti sauti cha stesheni hulikandamiza pamoja na sekunde zinazofuata.

Mkataba na usajili

Mkataba wa mauzo haukutaja nembo hata mara moja. Toleo lililofuata lina sentensi tatu: kwamba nembo ya mwisho ya sekunde 4 ni sehemu ya kipindi na haikatwi wala kufunikwa na tangazo, kwamba majina yakibanwa pembeni kupisha tangazo, nembo irudi skrini nzima, na kwamba stesheni itaarifu mapema nembo yake inakaa kona ipi. Stesheni haikubishana na hata moja.

Usajili nao unapinga wazo la mchoro mpya. Alama iliyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya 2010 hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Ngoma nyingine kabisa ingedai ombi jingine kabisa.

Jaribio, kisha kuwasilisha upya

Kabla ya kuwasilisha, toa sekunde 20 za mwisho kwa ukubwa wa 720 kwa 576, mfumo wa vipande 50, H.264 ya megabiti 2 kwa sekunde. Weka kwenye flashi, chomeka kwenye mlango wa USB wa dikoda ya bei rahisi, unganisha na TV ya zamani kwa waya wa njano, na uchague 4:3 ya kukata pande. Rudi nyuma mita 3. Jina likisomeka hapo na pigo likisikika, litasomeka na kusikika Kampala, Gulu au Mbarara.

Sehemu ya 4 ilikuwa imekwisha kuingia kwenye seva ya stesheni, kwa hiyo ilipewa klipu ya pekee ya nembo iliyopangwa kwenye orodha mara baada ya kipindi. Nembo ya kona ilikuwa imechomwa ndani ya picha na haifutiki, ikabidi mhariri azime tabaka hilo na kutoa upya sehemu zote, za kwanza tatu pia kwa ajili ya marudio. Sehemu ya dakika 45 kwa megabiti 50 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 17, zote 13 ni kama 220. Zilikwenda kwa diski ya nje juu ya boda, zikiambatana na karatasi yenye namba ya uhakiki ya MD5 kwa kila faili, muda kamili wa kuingia na kutoka, na neno moja lililopigiwa mstari: nembo ya mwisho imo ndani ya muda wa kipindi.